MARADHI YA FIGO YA KISUKARI: URITHI SI HUKUMU

Katika nyumba nyingi ambamo kisukari kimekwisha kuingia husikika kauli mbili. Ya kwanza husemwa na wenye nyumba wenyewe: "Haya ni maradhi ya ukoo wetu. Babu aliondoka kwa figo, na baba vilevile. Sasa zamu yetu inakuja." Ya pili husemwa na majirani, na pengine hata na baadhi ya watumishi wa afya: "Angalishika masharti, figo zake zisingaliharibika." Kauli ya kwanza huutupa mzigo wote juu ya damu ya ukoo, na kauli ya pili huutupa mzigo wote juu ya mwenendo wa mgonjwa. Kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake, lakini kila moja, ikiachwa peke yake, humdhuru mgonjwa. Anayeamini ya kwanza haendi kupimwa, kwa kuwa haoni faida ya kupima jambo lililokwisha kukatwa. Anayeshutumiwa kwa ya pili huficha ugonjwa wake kwa aibu.

Elimu ya urithi imeendelea kiasi cha kutosha kuweza kuamua baina ya kauli hizi. Inafaa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari waielewe, kwa maana wao ndio watakaoulizwa nyumbani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba urithi una nguvu katika maradhi ya figo ya kisukari, na kwamba nguvu hiyo ni sababu ya kupima mkojo mapema. Si sababu ya kukata tamaa, wala si sababu ya kuketi kungoja vipimo vya jeni vya gharama kubwa.

KAZI YA FIGO NA MADHARA YA SUKARI

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Kazi hiyo hufanywa na nefroni, ambazo kwa wastani ni kama milioni moja katika kila figo. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu, nacho ndicho kichujio. Ukuta wa kichujio hupitisha maji, chumvi na takataka za mwili, lakini huzuia protini kubwa kama albumini zisipotee.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, shinikizo ndani ya vifundo hivyo huongezeka, ukuta wa kichujio hunenepa, na chembe zinazoushikilia hudhoofika. Mwaka 1936 madaktari Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson waliyaeleza makovu yanayoonekana katika figo za namna hiyo, na hadi leo makovu hayo hutajwa kwa majina yao. Dalili ya kwanza, hata hivyo, haionekani kwa macho wala haiumi: ni albumini kidogo inayoanza kuvuja katika mkojo. Miguu inapovimba na mgonjwa anapoanza kuhema, mara nyingi miaka mingi imekwisha kupita, na sehemu kubwa ya nefroni imekwisha kufa. Nefroni iliyokufa haizaliwi tena. Baada ya hapo hubaki kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Nchini Tanzania upandikizaji huo ulianza mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, nayo ni hatua ya kujivunia. Lakini hakuna taifa linaloweza kuwapandikiza figo wote wanaozihitaji.

KWA NINI HUYU NA SI YULE?

Lau kama sukari ingalikuwa sababu pekee, basi kila mwenye kisukari cha muda mrefu angaliharibikiwa figo. Hali si hiyo. Kati ya watu wenye kisukari, ni kama 30 hadi 40 kwa mia tu wanaopatwa na maradhi ya figo. Huko Boston, Marekani, Kituo cha Joslin kimekuwa kikitoa nishani kwa watu waliokwisha kuishi miaka 50 wakitegemea insulini, na watafiti waliowachunguza watu hao waligundua kwamba wengi wao hawakuwa na maradhi makubwa ya figo. Baadhi yao hawakuwa na rekodi ya kudhibiti sukari kwa ukamilifu. Kwa upande mwingine, wako wagonjwa wanaojitahidi sana, na bado figo zao hudhoofika.

Jambo hili peke yake linatosha kuitikisa kauli ya majirani. Mtu aliyeharibikiwa figo si lazima awe mzembe.

USHAHIDI WA NDUGU

Mwaka 1989 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitoa taarifa iliyobadili mwelekeo wa fikra. Waliwachunguza ndugu wa tumbo moja ambao wote walikuwa na kisukari cha kutegemea insulini. Palipokuwa na ndugu mmoja mwenye maradhi ya figo, ndugu zake wenye kisukari walionekana kuwa na dalili za maradhi hayo kwa kiasi cha 83 kwa mia. Pale ndugu wa kwanza alipokuwa na figo nzima, kiasi hicho kilikuwa 17 kwa mia tu. Ni kweli kwamba idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo: ndugu 29 katika kundi la kwanza na 12 katika la pili. Mwanafunzi makini atatambua mara moja kwamba asilimia zinazotokana na watu 12 hazina uthabiti mkubwa. Lakini mwaka 1992 uchunguzi wa Denmark ulipata tofauti iliyoelekea upande uleule, yaani takriban 33 kwa mia dhidi ya 10 kwa mia.

Ushahidi wa tatu ulitoka kwa Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, ambao wamepatwa na kisukari cha aina ya pili kwa wingi usio wa kawaida. Taarifa ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba miongoni mwa watoto wao waliokwisha kupata kisukari, protini katika mkojo ilionekana kwa 14 kwa mia ikiwa hakuna mzazi aliyekuwa nayo, kwa 23 kwa mia ikiwa mzazi mmoja alikuwa nayo, na kwa 46 kwa mia ikiwa wazazi wote wawili walikuwa nayo. Ngazi hii ya kupanda hatua kwa hatua ndiyo inayotarajiwa ikiwa kuna kitu kinachopokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi.

CHUNGU KIMOJA, TUMBO MOJA

Hata hivyo, haifai kuruka mara moja kutoka "ya ukoo" hadi "ya jeni". Ndugu hurithi jeni za wazazi wao, lakini pia hula katika chungu kimoja. Hutumia chumvi kiasi kilekile, hukaa mbali na hospitali umbali uleule, na huiga mazoea yaleyale. Kitu kinachofuata ukoo chaweza kuwa njia ya maisha.

Tena kuna jambo jingine linalosahauliwa. Nefroni zote za binadamu hutengenezwa kabla ya kuzaliwa, na idadi yake hutofautiana mno: wako watu wenye laki mbili na zaidi kidogo katika figo moja, na wako wenye zaidi ya milioni mbili. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, pengine kwa sababu mama yake alikosa lishe bora alipokuwa mjamzito, kwa kawaida huanza maisha na nefroni chache. Akipata kisukari ukubwani, akiba yake ni ndogo. Watoto wa familia hiyo wakiharibikiwa figo, watu watasema ni damu. Kumbe sehemu ya sababu ilikuwa katika sahani ya mama. Kwa hiyo kulinda afya ya wajawazito ni sehemu ya kulinda figo za watu wazima watakaokuja miaka 40 baadaye.

SI KAMA NJEGERE ZA MENDEL

Wanafunzi huanza somo la urithi kwa njegere za Gregor Mendel: ndefu au fupi, laini au zenye makunyanzi, jeni moja kwa tabia moja. Mfano huo ni mzuri kwa kuanzia, lakini ukitumiwa kueleza maradhi ya figo ya kisukari utapotosha. Mfano unaofaa zaidi ni kimo cha binadamu. Hakuna jeni moja ya urefu. Ziko nyingi sana, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na chakula cha utotoni huongeza au kupunguza pia.

Jambo hili lilidhihirika polepole, na kwa gharama. Mnamo mwaka 1990 ilijulikana kwamba jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, yaani kemikali inayobana mishipa na kuinua shinikizo la damu, ina sura mbili, ndefu na fupi. Wengi walitumaini kwamba hapo ndipo penye siri. Tafiti nyingi zilifuata. Baadhi ziliona uhusiano, na nyingine hazikuuona. Ikadhihirika kwamba makundi madogo ya wagonjwa hayawezi kufichua athari ndogo.

Ndipo watafiti wa nchi mbalimbali wakaunganisha nguvu. Finland, nchi ambayo kisukari cha aina ya kwanza hutokea kwa wingi kuliko nchi nyingine zote duniani, ilianza mwaka 1997 uchunguzi wa taifa zima juu ya maradhi ya figo ya wagonjwa hao. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa ulichapisha matokeo yaliyotokana na karibu watu 20,000 wenye asili ya Ulaya. Alama iliyojitokeza kwa nguvu zaidi ilikuwa katika jeni iitwayo COL4A3, ambayo hutoa maagizo ya kutengeneza nyuzi za kolajeni katika ukuta wa kichujio chenyewe. Wenye sura fulani ya jeni hiyo walikuwa na kinga kiasi. Inapendeza kuona kwamba makosa makubwa zaidi katika jeni hiyohiyo yalikuwa yamekwisha kujulikana kuwa chanzo cha ugonjwa mwingine wa figo wa kurithi, uitwao Alport. Basi njia ndefu ya kutafuta ilirudi hadi kwenye ukuta uleule ambao darubini iliuonyesha kuwa mnene tangu zamani.

MALALE, SELIMUNDU NA FIGO

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki sehemu ya habari hii inamgusa kwa karibu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba jeni ya selimundu imeendelea kuwapo katika Afrika kwa sababu mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria, ijapokuwa mwenye nakala mbili huugua. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba jambo linalofanana na hilo limetokea katika figo. Jeni iitwayo APOL1 hutengeneza protini katika damu inayoua vimelea vya malale. Aina mbili za jeni hiyo, G1 na G2, zilienea Afrika pengine kwa sababu ziliongeza silaha dhidi ya vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Lakini mtu aliyerithi nakala mbili za aina hizo ana hatari kubwa zaidi ya kupata baadhi ya maradhi ya figo. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, kama 13 kwa mia wana nakala mbili.

Hapa inapasa kuwa mwangalifu. Haikuthibitika kwamba APOL1 ndiyo inayoanzisha maradhi ya figo ya kisukari. Kilichoonekana, katika taarifa ya mwaka 2013 kutoka Marekani, ni kwamba kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kudhoofika, Weusi wenye nakala mbili waliendelea kudhoofika upesi kuliko wagonjwa Weupe, wawe na kisukari au wasiwe nacho. Tena aina hizo ni nyingi zaidi Afrika ya Magharibi, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea pembe ya kaskazini-mashariki. Asiseme mtu, basi, kwamba "figo za Mwafrika" ni dhaifu. Hakuna figo ya Mwafrika; kuna watu wa Afrika, ambao kwa urithi wametofautiana wao kwa wao kuliko watu wa mabara mengine.

Selimundu nayo ina funzo jingine la vitendo. Kipimo kinachotumika sana kujua wastani wa sukari kwa miezi mitatu hutegemea sukari iliyojishika kwenye himoglobini. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba kwa watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu, kipimo hicho huweza kutoa jibu lililo chini ya hali halisi. Mgonjwa ataambiwa sukari yake ni nzuri, kumbe sivyo, na figo zitaendelea kuumia. Katika nchi ambamo jeni hiyo ni ya kawaida, daktari hana budi kulikumbuka jambo hili.

UTAFITI WA NANI, KWA FAIDA YA NANI?

Mwaka 2016 ilikadiriwa kwamba kati ya watu wote walioshiriki katika tafiti kubwa za kuchunguza jeni zote za mwili, 81 kwa mia walikuwa na asili ya Ulaya, na 3 kwa mia tu walikuwa na asili ya Afrika. Maana yake ni kwamba jedwali la hatari lililotungwa Helsinki au Boston haliwezi kuchukuliwa likatumiwa Dodoma au Kisumu bila kupimwa upya. Likitumiwa hivyo, litawatisha wasio na hatari na kuwatuliza walio nayo.

Kwa hiyo Afrika ya Mashariki inahitaji utafiti wake: rejista za wagonjwa zinazotunzwa vizuri, maabara zinazoaminika, na watafiti waliofunzwa hapahapa. Inahitaji pia sheria za kulinda siri za wachangiaji damu. Habari za jeni za mtu ni habari za wazazi na watoto wake vilevile. Zikivuja, zaweza kuvunja posa au kumkosesha mtu kazi. Mtafiti asiyejali hilo atawakimbiza watu, na hasara itakuwa ya wote.

YAFAAYO KUFANYWA SASA

Lakini je, wagonjwa wangoje hadi utafiti huo ukamilike? La hasha. Mwaka 1989 uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania ulipata kisukari kwa watu wasiofikia mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa ulipata kama 9 kwa mia. Njia za upimaji na umri wa waliopimwa havikuwa sawasawa, lakini tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa. Jeni za taifa hazibadiliki katika miaka 23. Kilichobadilika ni chakula, kazi, mwendo na miji. Urithi huchagua nani aumie zaidi. Mlango wa kuingilia hufunguliwa na maisha.

Na ziko njia za kuzuia ambazo hazikungoja jeni. Mwaka 1993 uchunguzi wa watu 1,441 huko Marekani na Kanada ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza kuvuja kwa albumini kidogo kwa 39 kwa mia, na kuvuja kwa kiwango kikubwa kwa 54 kwa mia. Mwaka huohuo ilionyeshwa kwamba captopril, dawa inayozuia kile kimeng'enya cha angiotensini, ilipunguza karibu kwa nusu hatari ya figo kuendelea kuzorota kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Ugomvi kuhusu jeni ya kimeng'enya hicho ulikuwa haujaisha, na bado dawa iliokoa watu. Mwaka 2019 dawa ya aina nyingine, inayoifanya figo itoe sukari katika mkojo, ilipunguza kwa kama 30 kwa mia madhara makubwa ya figo na vifo vinavyohusiana. Dawa za kundi la captopril ni za zamani na bei yake si kubwa, ila hazifai kwa wajawazito.

Dawa hizo hufaa zaidi zinapoanzwa mapema, na kuanza mapema hutegemea kipimo cha albumini katika mkojo. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe tangu siku anapogundulika, na mwenye aina ya kwanza apimwe kuanzia mwaka wa tano. Kisha kila mwaka. Pale ambapo vifaa havitoshi, na hapa ndipo elimu ya urithi inapotoa msaada wake wa leo, swali moja lisilogharimu hata senti lafaa kuulizwa katika kila kliniki: "Je, katika ndugu au wazazi wako wenye kisukari, yuko aliyeharibikiwa figo?" Anayejibu "ndiyo" awekwe mbele katika foleni ya kupimwa mkojo na shinikizo la damu. Swali hilo ni kipimo cha urithi kilicho tayari, nalo lina faida moja ambayo kipimo cha jeni hakina: linabeba pamoja jeni, chungu na tumbo la mama.

WAJIBU WA SHULE

Mwalimu wa elimu-viumbe anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo hai. Atunge nasaba ya familia ya kubuni yenye vizazi vitatu, awape wanafunzi waeleze ni nini katika nasaba hiyo kingeweza kuwa cha jeni na nini cha mazingira. Asiwatake wachore nasaba za nyumbani kwao hadharani, kwa kuwa maradhi ya mzazi si mali ya darasa. Mwanafunzi aliyeelewa somo hilo atarudi nyumbani akiwa na jibu kwa kauli zote mbili zilizotajwa mwanzoni. Kwa jirani atasema kwamba kuugua si ushahidi wa uzembe. Kwa baba yake, anayengoja zamu yake, atasema kwamba alichorithi kwa babu ni uwezekano, na kwamba kichupa cha mkojo kikipelekwa maabara mwaka huu chaweza kumpunguzia sana uwezekano wa kufikia mwisho ule aliofikia babu.